Usikodi Duka Ugenini Kabla ya Safari Tatu

Hotuba niliyoitoa mbele ya vijana na akina mama wafanyabiashara katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Nimeiandika karibu nilivyoisema, nikiongeza hesabu chache ambazo muda haukuniruhusu kuzitaja siku ile.

Wazee wetu, akina mama wenzangu, vijana mliokaa na mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Hamjambo tena? Asanteni. Nawashukuru akina mama wa chama walionialika, na nawashukuru nyote mliofunga vibanda vyenu mapema Jumamosi, siku ya mauzo, ili mje hapa. Najua siku hiyo ina bei gani.

Nimeambiwa wengi wenu mnataka kwenda kufanya biashara nje. Wengine Kampala, wengine Kigali, Juba, Dar es Salaam, na wawili watatu wamenitajia Dubai hapo mlangoni. Nimeambiwa pia kwamba pesa mlizo nazo ni kati ya shilingi elfu ishirini na laki mbili hivi. Sikuja kuwaambia hazitoshi. Nimekuja kuwaeleza jinsi pesa nyingi kuliko hizo zilivyonishinda mara ya kwanza, na jinsi pesa chache kuliko hizo zilivyonitosha mara ya pili.

Mara ya kwanza nilikwenda Juba. Ilikuwa Machi 2013. Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru Julai 9, 2011, na hapa Nairobi ilikuwa vigumu kumpata mtu asiye na jamaa huko. Barabara ya lami kutoka Nimule mpakani hadi Juba, kilomita 192, ilikuwa imekamilika mwaka mmoja kabla. Mimi nilikuwa nikiuza viatu vya ngozi pale soko la Kariokor, hapa Nairobi, na kila wiki alikuja mteja anayenunua jozi ishirini akisema anazipeleka Juba. Nikajiuliza, kwa nini nisizipeleke mwenyewe?

Nilikuwa na akiba ya 160,000. Chama chetu cha kuweka na kukopa kikanikopesha 100,000. Jumla 260,000. Sasa nisikilizeni vizuri, maana somo langu lote limo katika mgao wa pesa hizo. Mwenye nyumba wa Juba alitaka kodi ya miezi sita mbele, tena kwa dola. Dola 150 kwa mwezi, kibanda cha mabati, jumla dola 900, ambazo wakati ule zilikuwa karibu 77,000 zetu. Usafiri wa mizigo kupitia Malaba na Uganda, pamoja na viza na vibali, ukanila 31,000. Viatu nilivyobeba vilinigharimu 120,000. Zikabaki 32,000, na hizo ndizo zilizotakiwa kunilisha, kunilipia chumba cha kulala na kuninunulia maji, maana kule mtaani nilikokaa maji yalikuja kwa lori na uliyalipia kwa pipa.

Mmeona? Kati ya 260,000 nilizotoka nazo nyumbani, hata nusu haikuwa mzigo wa kuuza.

Na viatu viliuzika. Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Watu wa Juba walivipenda, walirudi, walileta ndugu zao. Lakini kila jozi iliyotoka, pesa yake ilikwenda kwenye chakula na chumba badala ya kununua jozi nyingine. Mwezi wa tatu rafu zikaanza kuwa wazi. Mteja akiingia dukani akaona rafu wazi, harudi. Kurudi Nairobi kuchukua mzigo mwingine kulihitaji nauli ambayo tayari nilikuwa nimeila. Nikaanza kukopesha ili nisipoteze wateja, nikiandika madeni kwenye daftari kwa pauni za huko. Agosti kodi ilipoisha sikuwa na ya kulipia miezi sita mingine, nikarudisha ufunguo. Nikabaki nikizunguka kukusanya madeni hadi Desemba 15, 2013, mapigano yalipoanza. Nilirudi nyumbani na begi moja.

Watu wengi waliniambia pole, vita vimekumaliza. Nilizipokea pole hizo kwa miaka, na leo nataka kuzirudisha. Vita vilinikuta nimeshamalizika miezi minne nyuma. Kilichonimaliza ni mapaa mawili: paa la duka na paa la kulala.

Kulikuwa na mama mmoja wa huko niliyemwachia daftari la madeni. Alikuwa mwaminifu kuliko nilivyostahili. Kwa miaka miwili, katika hali mnayoweza kuikisia, alikusanya pauni 3,000. Nilipoandika yale madeni, pauni zipatazo 3 zilikuwa dola moja kwa kiwango rasmi, kwa hiyo nilikuwa nikidai karibu dola 1,000. Bei ya mtaani ilianza kupanda kitambo, kisha Desemba 2015 serikali yao ikaacha kuishikilia pauni, na kiwango rasmi nacho kikaruka kupita 18 kwa dola. Mwanzoni mwa 2016, pauni zangu 3,000 zilikuwa hata dola 170 hazifiki. Nilimwambia abaki nazo. Hakuna aliyeniibia. Nilikopesha kwa sarafu nisiyoweza kuilinda, katika nchi nisiyokaa. Tangu siku hiyo sikopeshi nje ya mpaka, na mkinikuta nafanya hivyo mnikumbushe maneno haya.

Sasa mara ya pili.

Mwaka 2017 nilikuwa nimemaliza kulipa deni la chama. Nilikuwa na shilingi 24,000 hivi. Nikanunua jozi 40 kwa bei ya jumla, 400 kila jozi, yaani 16,000. Nikazifunga kwenye magunia mawili, nikapanda basi la usiku. Sikukodi chochote. Kampala nililala siku mbili kwa binamu yangu, nikatembea na sampuli mkononi kuanzia maduka ya Kikuubo hadi pembeni mwa soko la Owino. Nilimaliza jozi 40 kwa wastani wa 650 za kwetu. Hiyo ni 26,000. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, zawadi ya wenyeji na gharama ndogondogo zikala 7,700. Faida ikawa 2,300.

Kijana mmoja hapa mbele ametikisa kichwa. Mwanangu, najua. Siku tatu za usumbufu kwa 2,300 si pesa. Lakini nilirudi na mtaji wangu wote mfukoni, na nilirudi na mambo ambayo Juba niliyalipia 260,000 bila kuyapata. Nilijua kwamba saizi 40 na 41 huisha siku ya kwanza, nami nilikuwa nimebeba 37 kwa wingi. Nilijua wanataka kiatu chenye mkanda nyuma ya kisigino. Nilijua duka lipi hulipa hapohapo na lipi husema njoo kesho. Nilikuwa nimempata mama mmoja mwenye duka, ambaye hadi leo ndiye mnunuzi wangu mkubwa. Safari ya pili nilibeba jozi 60, safari ya tatu 90, zote kwa saizi nilizoambiwa. Hapo faida ilianza kuonekana kama faida.

Ndiyo maana nasema, na hili ndilo neno langu la leo: usikodi duka ugenini kabla hujafanya safari tatu na kurudi. Ukiwa na mtaji mdogo, acha mwenyeji awe na duka. Paa alilipie yeye, wewe lete mzigo. Hata ukiona anapata faida kubwa kuliko yako, mwache apate. Yeye ndiye anayelipa kodi, leseni, umeme na mlinzi.

Binamu yangu nilimtaja kwa haraka, nirudi kwake kidogo. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tukipanga kwenda nje huweka katika hesabu kwamba tutakaa kwa jamaa bila malipo. Usihesabu hivyo. Binamu yangu ana watoto wanne na chumba kimoja na sebule. Tangu safari ya kwanza nilimwachia kitu cha chakula, na nililala siku mbili, si wiki mbili. Undugu ule bado uko. Ninao wenzangu waliouvunja undugu wa miaka mingi kwa mwezi mmoja wa kulala kwenye kochi la mtu.

Tuje kwenye mpaka, maana najua ndiko hofu iliko.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi uliowekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mzigo wako ukiwa wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umetengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya, na bidhaa ikiwa katika orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, na hulipi ushuru wa forodha. Huhitaji kumlipa wakala wa forodha akujazie. Dola 2,000, akina mama! Magunia yangu mawili ya kwanza hayakufika hata dola 200. Kodi nyingine, kama ya ongezeko la thamani, zinaweza kudaiwa, na ukaguzi wa ubora na wa mimea uko palepale. Kwa hiyo kabla ya kununua mzigo, nenda kaulize. Busia, mpakani mwetu na Uganda, kuna dawati la habari za biashara ndogo, na kuuliza hakulipiwi.

Neno zito hapo ni asili. Kiatu cha ngozi kilichoshonwa Kariokor asili yake ni hapa. Kiatu cha plastiki kilichotoka ng'ambo kwa kontena, hata kama umekinunua Eastleigh kwa risiti, asili yake si hapa, na cheti hicho hakikisaidii. Bidhaa iliyokamilika kutoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 25, na kwa baadhi ya bidhaa tangu Julai 2022 ni 35. Nimewaona vijana wakilia Malaba kwa sababu walibeba vifuniko vya simu na saa wakidhani wako sawa na mama wa kiondo aliye mbele yao kwenye foleni. Kwa hiyo mkiniuliza mbebe nini, nitawajibu: anzeni na kitu kinachotengenezwa na jirani yenu. Vyondo, viatu, sufuria na majiko ya mafundi wa Kamukunji. Hapo ndipo sheria iko upande wenu.

Kuna watakaowaambia mpite njia za panya. Nilipita mara moja, safari ya nne, nikiwa na haraka. Mtu aliyenibebea gunia kwa baiskeli alipotea nalo kati ya nyumba, nami sikuwa na mahali pa kushtaki, maana ningeanza kwa kueleza kwa nini sikupita langoni. Mwanamke peke yake, alfajiri, katika uchochoro, akiwa na pesa kiunoni. Dada zangu, gunia ndilo jambo dogo kabisa linaloweza kupotea hapo. Busia siku hizi kuna kituo kimoja cha pamoja, unakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Foleni inachosha, lakini ukitoka una karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayokupa ujasiri wa kumjibu askari wa kizuizi cha mbele.

Sasa nizungumzie Tanzania, maana maswali ya Dar es Salaam yamekuwa mengi.

Kariokor yetu na Kariakoo yao ni jina moja, limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi ni ndugu hadi kwenye majina ya masoko. Lakini Julai 28, 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Humo mna uuzaji wa jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na wauzaji wa jumla wa bidhaa maalumu, huduma za pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni isiyo ya hoteli au ya watalii, kazi za usafi, uongozaji wa watalii, na ununuzi wa mazao shambani. Faini haipungui shilingi milioni 10 za huko, na kifungo hadi miezi sita. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake.

Kenya ililalamika, na mimi naona tulikuwa na haki ya kulalamika. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 1, 2010 na iliahidi kinyume cha hayo. Inaniuma. Lakini pia namwelewa mama wa Kariakoo anayemwona mgeni mwenye mtaji mkubwa akiuza rejareja mlangoni pake. Hata sisi, mgeni wa nje ya Jumuiya akitaka kibali cha daraja G afanye biashara hapa Kenya, huulizwa mtaji wa dola 100,000. Serikali zitazungumza. Wewe mwenye elfu hamsini huwezi kusubiri zimalize, na huwezi kuwa mfano wa kesi. Usifungue saluni Arusha kwa jina la shemeji, maana siku ya kukamatwa mtakamatwa wawili. Uza mzigo wako kwa jumla kwa Mtanzania mwenye duka, ukiwa Namanga mpakani, upande wa Kenya, na urudi nyumbani jioni. Mnaona tumerudi palepale? Paa awe nalo mwenyeji.

Wanaotazama Kigali, Swahili yenu itasikika, ni lugha rasmi huko tangu 2017, na tangu Januari 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha kitaifa. Tahadhari ndogo: msifunge mizigo kwa mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku 2008, sisi tukafuata 2017. Tahadhari kubwa ni kwamba mipaka hufungwa. Februari 2019 lango la Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, lilifungwa, na halikufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Mwenye mzigo wa safari moja alipoteza, kwa ubaya kabisa, safari moja. Aliyekuwa ameweka kila kitu kwenye duka upande mmoja, akitegemea mzigo wa upande mwingine, fikirieni wenyewe.

Kampala nako, jifunzeni salamu. Kwa miaka mingi wengi huko walikisikia Kiswahili kama lugha ya askari, ingawa serikali yao ilikubali kiwe lugha rasmi 2022. Ukimwingilia mama dukani na Kiswahili cha Nairobi, cha haraka na cha amri, anafunga moyo. Mwambie "nnyabo", yaani mama, msalimie kwa Kiganda chako kibovu, subiri amalize kukujulia hali, ndipo ufungue gunia. Mama yule mnunuzi wangu aliniambia baadaye kwamba siku ya kwanza hakuhitaji viatu. Alinunua jozi sita kwa sababu nilipiga goti kidogo kumsalimia kama binti wa huko.

Wa Dubai na Uingereza, nitakuwa mfupi, kwa sababu sijaishi huko na siwezi kuwafundisha nisiyoyaishi. Lakini someni viza zenu. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza haikuruhusu kujiajiri, hata kusuka nywele kwa malipo chumbani kwako. Na aliyekwenda nchi za Ghuba kwa kibali cha mwajiri, akianza kuuza chapati kwa wenzake, anaweza kurudishwa nyumbani kabla ya kulipwa mshahara wake. Msichana wangu, kama unakwenda kwa kazi, fanya kazi, tuma pesa, na biashara iwe huku ikiendeshwa na mtu anayekutumia hesabu kila Jumapili.

Nimalizie na pesa ya kurudi. Juba sikuwa nayo, na kukosa nauli ndiko kulikonifanya nikae miezi minne nikifukuza madeni wakati nilipaswa kuwa Kariokor nikianza upya. Siku hizi nauli ya kurudi naishona kwenye mfuko wa ndani kabla ya kununua hata jozi moja. Haiingii kwenye mtaji. Haikopeshwi. Hata mzigo wa bei nafuu kiasi gani ukitokea, mfuko ule haufunguliwi. Binti yangu huniuliza, mama, na ukipata nafasi ya dhahabu? Namjibu kwamba nafasi nikiwa na njia ya kurudi nyumbani nitaipata tena.

Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao navuka Busia. Naweza kwenda na watu wanne, sizidishi, maana nataka kila mmoja nimwonyeshe dawati, foleni na mama mwenyewe. Njoo na kitambulisho, kadi ya manjano ya chanjo, na jozi tano au vyondo vitano vya kuuza, si zaidi. Nauli ya kwenda na kurudi iwe mkononi siku ya kujiandikisha, na ya kurudi nitaiona ikishonwa. Daftari liko mezani pale mlangoni, kwa katibu. Asanteni sana.